Dawa ya Siku Mbili

Aliletwa Jumatano baada ya chakula cha mchana, mvua ikinyesha, akiwa ameegemea bega la mama mkwe wake. Wote wawili walikuwa wamelowa. Mama mkwe alikuwa amemfunika kichwa na mgongo kwa leso yake mwenyewe, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akitiririka maji. Nilikuwa zamu katika wodi ya akina mama, hospitali moja ya Nyamira, na nilimfahamu kwa sura. Alikuwa mshonaji. Alishona sare za shule katika duka la familia ya mumewe, karibu na steji ya matatu, na nguo za kazi ninazovaa mpaka leo zilipita kwenye cherehani yake.

"Sista, uchungu umemshika," mama mkwe alisema. "Na siku zake bado. Ni miezi saba tu. Na ni pacha."

Nilimlaza, nikaweka kiganja juu ya tumbo lake na kusubiri. Tumbo likakaza, likawa gumu, halafu likalegea. Baada ya muda mfupi likakaza tena. Nilimuuliza kama maji yamevunjika, akasema hapana. Damu? Hakuna. Homa? Hana. Nilisikiliza mioyo ya watoto, mmoja upande wa kulia chini, mwingine upande wa kushoto juu karibu na mbavu, na yote miwili ilikuwa inakwenda mbio vizuri. Daktari alipokuja akampima na kukuta njia imeanza kufunguka kidogo tu. Akaniambia tuanze ile dawa ya kuzuia uchungu na sindano ya mapafu ya watoto, halafu kesho, akitulia, asafirishwe Kisii kwenye mashine za watoto wadogo.

Nilimletea kidonge na maji. Akakitazama, akanitazama mimi.

"Hii si dawa ya presha? Mama mkwe humeza hii hii. Mimi sina presha."

"Ni kweli ni ya presha," nilimwambia. "Lakini inalegeza misuli, na tumbo la uzazi ni misuli. Tunataka lipumzike."

"Lipumzike mpaka miezi tisa?"

Swali hilo nimeulizwa na wanawake wengi, na kila mara huwa najibu polepole, kwa sababu najua jibu si lile wanalolitaka. Nilimwambia kuwa dawa hii haiwezi kushikilia watoto mpaka miezi tisa. Kazi yake ni kutupatia siku mbili hivi. Katika siku hizo mbili, sindano tunayomdunga pajani inawaendea watoto na kuwakomaza mapafu, ili wakitoka waweze kuvuta pumzi. Na tunapata muda wa kumfikisha mahali penye mashine. Ikitokea wakakaa zaidi, tutashukuru. Lakini tunachokitegemea ni hizo siku mbili.

Alisikiliza, akameza. Mama mkwe naye alisikiliza, huku akikamua leso yake mlangoni.

Jioni ile yote sikuwa mbali na kitanda chake. Dawa ile huteremsha presha, kwa hiyo kabla ya kumpa kidonge kingine ni lazima umpime kwanza, na ukikuta imeshuka mno, unakiacha kidonge na kumwita daktari. Nilimpima presha, nikahesabu mapigo ya moyo, nikasikiliza watoto, nikaweka mkono tumboni tena. Kwa kuwa alikuwa na pacha, nilisikiliza pia kifua chake, maana wenye pacha wakipewa dawa hizi mapafu yao yanaweza kujaa maji, na nikawa naangalia anachokunywa na anachokojoa. Uso wake ulikuwa mwekundu na wa moto. Alisema kichwa kinamgonga. Nilimwambia hayo ni ya dawa, lakini aniambie mara moja akihisi kifua kinabana au pumzi zinakuwa fupi.

"Na usiinuke haraka," nilimwonya. "Ukitaka kitu, niite."

Hakuniita. Adhana ya magharibi ilipopigwa aliteremsha miguu ili aende kutawadha. Nilikuwa kitanda cha tatu. Nilisikia mama mkwe akipiga kelele, nikageuka na kumwona akipepesuka kama mtu aliyelewa. Tulimdaka pamoja, mimi na mama mkwe, tukamrudisha kitandani, tukamlaza kwa ubavu wa kushoto. Nilimpima. Presha ilikuwa imeteremka, ingawa si ya kutisha, na baada ya kulala kidogo ikapanda.

"Nilitaka kuswali," alisema, macho yamefumba.

"Mgonjwa huswali alivyolala," mama mkwe akamwambia. "Nani amekwambia Mungu anataka uanguke?"

Kisha yule mama akachukua maji kwenye bakuli, akamtawadhisha mkwewe pale pale kitandani. Alimwosha mikono, uso na miguu taratibu, kidole kwa kidole, kama unavyomwosha mtoto. Nilikaa nikitazama, nikisahau kwamba nina wagonjwa wengine. Mimi ni Mkisii wa Ikonge, nimelelewa kwenye chai na kanisa, na nilikuwa nimesikia mengi kuhusu wasichana wetu wanaoolewa na Waislamu wa mjini, kwamba wanateswa, kwamba wanafanywa watumwa. Siku hiyo niliyaona mambo kwa macho yangu.

Maana yule mshonaji alikuwa msichana wetu. Alikuwa Mkisii wa Nyamache. Alinieleza mwenyewe baada ya kuswali, kwa Ekegusii, lugha yetu, sauti ya chini, mama mkwe alipokwenda kutafuta chai. Alikuja Nyamira kujifunza ushonaji, akampenda kijana wa duka la vitambaa, akasilimu, akaolewa. Baba yake alikuwa ameshafariki. Mama yake, kiongozi wa kwaya kanisani, hakufika harusini. Alimtumia mtu na maneno machache: umechagua, kaa na ulichochagua. Tangu hapo hawakuwa wamezungumza. Akipiga simu, mama yake akiona namba yake haipokei.

"Anajua una mimba?"

"Aliambiwa na watu sokoni. Kuwa ni pacha sidhani."

Uchungu ulikuwa umeanza kutulia. Niliweka mkono tumboni nikangoja, nikangoja zaidi, na tumbo likabaki laini. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike. Halafu akaniuliza kama naweza kumpigia mama yake kwa simu yangu, kwa sababu namba yangu haijui.

Nilipiga. Ikapokelewa na mwanamke mwenye sauti nzito, na nyuma yake nikasikia kuku na watoto. Nilimsalimu kwa Ekegusii, nikajitambulisha kuwa ni muuguzi, nikamwambia niko na binti yake hospitalini Nyamira. Nilidhani simu imekatika.

"Yuko hai?" akauliza.

"Yuko hai, mama. Zungumza naye."

Nilimpa simu na kuanza kumfunga kitambaa cha presha mkononi, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Mama," alisema. "Ni mimi."

Sauti ya mama yake ilitoka kwenye simu, kubwa, ya mtu asiyezoea simu. "Unaumwa?"

Nilimwona akivuta pumzi. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti ilitoka kavu, ya mtu anayezungumza na mteja. "Nilikuwa naumwa. Sasa uchungu umetulia. Wamenipa dawa. Ni pacha, mama. Usiache shughuli zako kwa ajili yangu. Uje tu ukipata nafasi."

Nilimtazama. Alikwepa macho yangu. Nilielewa. Miaka yote ile alikuwa amengoja mama yake apokee simu, na sasa, mama alipokuwa upande wa pili wa simu, hakuweza kumwomba. Angeomba na akanyimwa, angefanya nini?

Niliichukua simu. "Mama, sikia. Dawa hii inatuliza kwa muda tu. Haijamaliza uchungu. Kama unaweza kuja kesho, njoo kesho."

"Si amesema ametulia?"

"Ametulia leo. Watoto wanaweza kuja wakati wowote. Kesho tunampeleka Kisii."

"Kisii ni karibu zaidi na kwangu," alisema, na sauti yake ikalainika. "Keshokutwa ni soko. Nina ndizi za kuuza. Mwanangu, siwezi kwenda kwa watu wale mikono mitupu, mara ya kwanza wananiona. Nikishauza nitanunua kitu cha watoto, halafu nije. Mwambie nakuja. Mwambie nimesema nakuja."

Nilimwambia. Alijigeuza ukutani akalia, na mama mkwe aliporudi na chai alidhani uchungu umerudi, akanigombeza.

Asubuhi ya Alhamisi nilimsindikiza Kisii kwenye ambulensi, mkono wangu juu ya tumbo lake kwenye kila kona. Halikukaza hata mara moja. Mumewe alikuwa amerudi kutoka Nairobi alikokwenda kununua vitambaa, akatufuata nyuma kwa gari la rafiki yake. Pale Kisii nilimkabidhi kwa wauguzi wenzangu, nikawaeleza dawa alizopata na saa ya sindano inayofuata, nikawaambia kuhusu presha iliyoshuka. Alikuwa amelala kwa ubavu wake, amejifunika ile leso ya mama mkwe, anaonekana mzima kabisa. Ukimwona ungesema huyu amekuja kumtembelea mgonjwa. Nilimpigia mama yake nikamwelekeza wodi. Akasema mbuya, yaani vyema, ameshazungumza na mtu wa kubeba ndizi.

Ijumaa alasiri, dawa ilipokwisha kazi yake, uchungu ulirudi na haukuzuilika tena. Wala hawakujaribu kuuzuia. Muda uliotakiwa ulikuwa umepatikana na mapafu yalikuwa yameshapata sindano zake zote. Alijifungua kabla ya jua kuzama. Wa kwanza alikuwa msichana, akalia. Wa pili mvulana, mdogo zaidi, naye akalia, kidogo. Mume wake alinipigia simu Nyamira akiwa anacheka na kulia. Alisema wameruhusiwa kuingiza mkono kwenye kidirisha cha inkubeta, na kwamba aliinama hapo akawaadhinia wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya chini ili asiwashtue.

"Nimempigia mama yake Nyamache," aliniambia. "Simu imezimwa."

Nilijua kwa nini imezimwa. Jua lilikuwa limezama, Sabato imeanza. Kwetu kuna wazee wengi wa Kisabato ambao huizima simu Ijumaa jioni na kuiweka kabatini mpaka Jumamosi usiku. Mama huyu alikuwa mmoja wao. Nilijaribu hata hivyo, mara kadhaa. Ilikuwa imezimwa.

Jumamosi asubuhi mvulana alichoka. Ndivyo muuguzi wa Kisii alivyoniambia baadaye, na sijui neno zuri zaidi. Mapafu yake yalivuta kadiri yalivyoweza. Mama yake aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akapewa amshike, na mtoto akafa kifuani mwake. Kwa kuwa alizaliwa hai, alipewa jina, akaoshwa, akavikwa sanda, akaswaliwa, akazikwa siku hiyo hiyo kabla ya alasiri, kama ilivyo kwao. Mama mkwe ndiye aliyeshughulikia mengi ya hayo. Saa hizo watu wa Nyamache walikuwa kanisani.

Jumapili ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nilipika uji wa wimbi, nikautia kwenye chupa ya chai, nikaenda Kisii. Nje ya wodi, karibu na lango la kuingilia jamaa za wagonjwa, alikuwa amesimama mwanamke mrefu aliyevaa gauni la kanisani na sweta ya kijani, ameshika mkungu wa ndizi mbivu kwa mkono mmoja na mfuko wa plastiki kwa mkono mwingine. Alikuwa anamwuliza mlinzi jambo kwa Kiswahili cha kubabaisha. Nikaitambua ile sauti nzito.

"Mama," nilimwita. "Ni mimi niliyekupigia simu."

Akaacha ndizi chini akanishika mikono yote miwili. "Mwanangu! Nimekuja. Nilimwambia nakuja." Kabla sijasema lolote alifungua mfuko, akanionyesha. Kulikuwa na shali mbili za sufi, za manjano, sawasawa. "Sikujua ni wasichana au wavulana. Manjano inafaa wote, siyo?"

Watu walikuwa wanapita. Mlinzi alituomba tusogee. Nilimshika mkono nikampeleka kwenye benchi chini ya kibanda cha kungojea, nikakaa naye, nikamwambia. Sikumbuki maneno niliyotumia. Nakumbuka alichofanya. Alichukua shali moja, akaitoa kwenye mfuko, akaikunja vizuri, ikawa ndogo kabisa, akaiweka ndani ya mkoba wake wa mkononi na kuufunga. Halafu akakaa akiutazama mfuko uliobaki na shali moja.

"Lini?" akauliza.

"Jana asubuhi."

"Jana nilikuwa naimba," alisema.

Nilimwambia kwamba hata angekuwepo, asingeweza kumzuia. Ni kweli. Lakini hakuwa anauliza hilo, na nilijua.

"Ijumaa ndizi ziliuzika mapema," alisema. "Mpaka saa nne nilikuwa nimemaliza. Ningeweza kuja siku ile. Nikasema Sabato itanikuta njiani nikirudi, na gauni sijapiga pasi. Gauni!" Alilishika gauni lake gotini akalikunja mkononi.

Nilibeba ndizi, tukaingia.

Mshonaji alikuwa ameketi kitandani, msichana wake mchanga amefungwa kifuani mwake, ngozi kwa ngozi, ndani ya leso, kichwa tu kikionekana, kimevalishwa kofia ya sufi. Alikuwa na pumzi nzuri, ndio maana walikuwa wamemruhusu atoke kwenye mashine kwa muda ili akae kifuani mwa mama. Mama mkwe alikuwa ameketi pembeni. Alipomwona mgeni hakuhitaji kuambiwa. Alisimama, akampisha kiti.

Mama na binti walitazamana. Sikujua nani angeanza.

"Nilikwambia uje ukipata nafasi," binti alisema, na uso wake ukavunjika. "Sikutaka kusema hivyo, mama. Nilitaka kusema njoo. Njoo sasa hivi."

"Na mimi nilisikia," mama yake akajibu. "Niliisikia sauti yako. Mama anajua. Nikajifanya nimesikia maneno tu."

Akamshika kichwa binti yake, juu ya hijabu, akakiweka tumboni mwake, kwa uangalifu, ili asimbane mtoto. Walilia hivyo. Niliangalia dirishani.

Walipotulia, yule mama wa Nyamache alimgeukia mama mkwe. Kiswahili chake kilikuwa cha soko, na mara nyingine alitafuta neno akalikosa. "Wewe ulimuona? Ule kijana?"

"Nilimuona," mama mkwe alisema. "Nilimwosha kwa mikono hii."

"Mimi sikumuona."

Mama mkwe alivuta kiti kingine akaketi, magoti yake karibu yakigusana na ya mwenzake, akamweleza. Alimweleza kwamba mtoto alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, zimelala. Vidole virefu. Paji la uso pana, "kama lako, mama, sasa nakuona ndiyo najua alilitoa wapi." Kwamba sikio moja lilikuwa limejikunja kidogo kwa juu. Kwamba alipoguswa kiganja alishika kidole, hata pale mwisho. Hakuna aliyempiga picha. Baba yake alitaka, wauguzi wakamwambia asubiri mtoto apate nguvu. Kwa hiyo yule bibi wa Nyamache alisikiliza kila neno huku akitikisa kichwa, na akiona jambo halikuelezwa vizuri aliuliza tena. Rangi yake? Mdomo wake? Alilia kwa sauti?

Nami nilitambua kwamba hata mimi sikumwona. Moyo wake niliusikiliza mara nyingi, upande wa kushoto, karibu na mbavu. Nilijua mlio wake tu.

Walikaa Kisii wiki kadhaa. Bibi wote wawili walipeana zamu ya kumbeba mtoto kifuani mama yake alipolala. Nilipokwenda tena nilimkuta yule wa Nyamache amefungua vifungo vya gauni, mjukuu ndani, shali ya manjano juu, anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini sana, na mama mkwe amesinzia kwenye kiti huku tasbihi ikiwa mkononi. Hakuna aliyemsumbua mwenzake.

Msichana yule sasa anasoma chekechea Nyamira. Nilipita dukani juzi kurefusha pindo la nguo, nikamkuta ameketi chini ya meza anacheza na vipande vya vitambaa. Mama yake alinipima huku tunazungumza. Alisema bibi wa Nyamache huja mara nyingi, na akija hupenda kwanza kwenda makaburini. Wanawake wao hawana desturi sana ya kwenda huko, lakini mama mkwe humpeleka mpaka kwenye ua, akamngoja nje.

"Hukaa muda gani?" nilimuuliza.

"Mrefu," alisema, pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye pindo langu. "Juzi aliniuliza kama nadhani mtoto angekuwa anajua kuandika jina lake sasa. Nikamwambia dada yake anajua, basi naye angejua. Akasema hapana, wavulana huchelewa."

Akainama kukata uzi, na hakuinua uso mpaka mtoto alipomwita.